Mchagua Nazi na Tarumbeta ya Mdogo Wangu

Wahenga walilonga kwamba mchagua nazi hupata koroma, wakaongeza kuwa mchagua jembe si mkulima. Asikiaye methali hizi bila kuzitafakari angedhani kuchagua ni kasoro. Hata hivyo, zipo nyanja ambamo kuchagua kwenyewe ni nusu ya kazi. Usaili wa muziki ni mojawapo.

Mwaka uliopita mdogo wangu wa kike, ambaye ni mpigaji wa tarumbeta, aliitwa kusailiwa na idara ya muziki ya chuo kikuu kimoja humu nchini. Alitakiwa kupiga kipande kimoja peke yake, akisindikizwa na kinanda. Nafasi zilikuwa chache, na nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumngojea mwaka mwingine. Dakika hizo chache zilibeba mengi.

Alilelewa katika bendi ya Jeshi la Wokovu, kanisa lililoingia Kenya mwaka 1921 likiwa na desturi yake ya ala za shaba. Miaka ya kusindikiza tenzi za ibada ilimjalia sauti nene, laini, yenye kuimba. Cha ajabu ni kwamba utajiri huo ndio aliouonea haya. "Kaka," aliniambia, "nikipiga kitu cha taratibu watasema mimi ni mpigaji wa Jumapili tu." Kwa hivyo akaishikilia sehemu ya tatu ya koncheto ya Joseph Haydn, yenye kasi na madaha. Kila jioni niliisikia ikianza kwa mbwembwe, kisha midomo ikichoka na noti za juu zikipasuka kabla ya tamati.

Mimi si mwanamuziki; ni mwanafunzi wa fasihi. Nilichoweza kufanya ni kuusoma utungo huo kama nisomavyo matini yoyote, nikauliza ulizaliwaje. Haydn aliutunga mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger, mpiga tarumbeta wa Vienna. Tarumbeta za kawaida za enzi hizo hazikuwa na vali. Noti zake za chini ziliachana mno, mithili ya ngazi iliyong'oka vidato. Ala ya Weidinger ilikuwa na matundu yenye vifuniko, na kwayo vidato vilivyokosekana vilipatikana. Ndiposa katika sehemu ya pili, ile ya mwendo wa taratibu, ala iliyozoeleka kwa mbiu za vita na sherehe ikaweza kuimba kama binadamu. Nilipomweleza hayo, mdogo wangu alinyamaza kwa muda. Alikuwa ameichukulia sehemu hiyo kuwa ya wanyonge, kumbe humo ndimo ulimokuwa upya wa ala yenyewe.

Sisi wana wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda Vienna kulielewa jambo hili. Siwa ya shaba ya Lamu, na mwenzake wa pembe za ndovu wa Pate, ni ala zenye noti chache mno. Heshima yake haikutokana na kasi. Ilitokana na uzito wa sauti na wa tukio lililotangazwa. Isitoshe, ushairi wetu umetufunza adabu ya pumzi. Mshororo wa mizani 16 hugawika kuwa ukwapi na utao, na aghaniye akivuta pumzi pasipostahili huua maana.

Basi nilimwomba auimbe utungo kwa mdomo, bila tarumbeta, akitia alama ya penseli kila palipostahili pumzi. Kisha akapiga sehemu zote mbili jioni moja, akiwa amesimama, baada ya kumaliza mazoezi ya skeli, kwa kuwa usaili nao huchosha midomo. Ile ya kasi ilimwacha akihema. Ile ya taratibu ilifika mwisho ikiwa nzima. Haikuwa rahisi hata kidogo, kwani katika mwendo wa taratibu noti inayotetemeka haina pa kujificha. Lakini ilikuwa yake. Akaichagua mwenyewe, na nafasi akaipata.

Wenzangu, nayasema haya kwa kuwa hata sisi husailiwa. Mara ngapi tunateua nadharia kwa ajili ya fahari ya jina lake, pumzi ikatuishia katika sura ya pili ya tasnifu? Mara ngapi mghani hupanda jukwaani na shairi la msamiati mzito asioweza kuubeba? Anayetusikiliza hutaka kujua sauti yetu ikoje, na kama tunaelewa tunachokitamka.

Wahenga hawakukosea. Mchagua nazi hupata koroma anapochagua kwa macho. Ajuaye nazi huitikisa kwanza, akaisikiliza.