Picha ya pakiti haijui mvua ya Njombe

Siku hizi mtu akiniuliza, "Bwana shamba, mbegu gani ya maua ni nzuri?" namjibu kwa swali: utapanda wapi, na utamuuzia nani? Wapo wanaodhani nakwepa. Leo nieleze jibu hili lilikotoka, maana lilimgharimu mtu mwingine kabla halijanigharimu mimi.

Pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, kuna mama anauza miche. Ana parachichi, miti ya mbao na, kwa sababu watu wengi wanajenga, maua ya bustani kwenye viriba. Mwaka ule alitaka kuongeza maua kwa ajili ya Desemba, ndugu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kila mtu anataka mlango wake upendeze. Akaniuliza achukue petunia ipi. Dukani tuliona pakiti mbili. Moja ilikuwa na picha ya ua kubwa kama kisosi, zambarau lenye ukingo mweupe. Nyingine ilikuwa na vijiua vidogo vidogo vya waridi. Nikamwambia achukue ile kubwa. Sikuwa nimewahi kuiotesha hata mara moja. Niliangalia picha tu, kama yeye.

Miche ilitoka vizuri na watu wakaigombania. Nyumba moja ya wageni ilichukua viriba vingi kwa makubaliano ya kulipa nusu kwanza na nusu baadaye. Mvua za Januari zilipokolea, yale maua makubwa yalilowa, yakalala chini kama karatasi iliyoloweshwa, kisha yakaota ukungu wa kijivu. Nusu ya pili haikulipwa. Wateja wengine walirudi na kiriba mkononi. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Bwana shamba, hiyo ilikuwa ada ya mtoto." Afadhali angenigombeza.

Nilitaka kumrudishia sehemu ya hela, akakataa. Alisema, "Wewe unatufundisha kujaribu mahindi kabla ya kupanda shamba lote. Haya maua mlijaribu wapi?"

Swali la haki kabisa. Aina mpya ya mahindi hupandwa kwanza maeneo mbalimbali ya nchi na kulinganishwa na zile tunazozijua ndipo iruhusiwe, na TOSCI wana kazi yao hapo. Hata maua wenzetu hawayachukulii kimzaha. Marekani wana utaratibu uitwao All-America Selections, ulioanza mwaka 1932: aina mpya hupandwa kwenye bustani za majaribio sehemu tofauti za nchi, pembeni ya aina iliyozoeleka inayofanana nayo, na waamuzi wanazipima. Lakini mvua ya kwao si mvua ya Njombe. Pakiti iliyosifiwa huko inakuja kwetu kama mgeni, na mgeni hujulikana akishakaa.

Basi nikaamua kujaribu. Jaribio la kwanza nililiharibu mwenyewe. Mwezi Machi nilipanda nyuma ya nyumba yangu Njombe, petunia kubwa tuta moja, petunia ndogo tuta la pili, merigodi tuta la tatu, zinia la nne. Mvua zilipokatika, petunia ndogo zikasinyaa, zikabaki na maua ya kuhesabu. Nikaandika kwenye daftari: hazifai. Mama alikuja kuangalia, akazunguka mara moja, akasema, "Mbona hata mchicha wako upande ule umenyauka?" Upande ule kuna mikaratusi ya jirani. Mizizi yake ilikuwa inakunywa maji ya tuta langu. Nilikuwa nimepima mikaratusi, sikupima petunia.

Kwa hiyo la pili tulilifanya pamoja, kwake na kwangu. Nitaeleza hatua hii kwa kirefu, kwa sababu hata wewe wa nyanya au kabichi itakufaa.

Tulichukua aina sita: petunia kubwa, petunia ndogo, merigodi fupi, merigodi ndefu, zinia na vinka. Merigodi fupi ndiyo iliyokuwa kipimo chetu, maana mama ameiuza miaka mingi na tabia yake anaijua. Bila kitu unachokijua pembeni, huwezi kusema kama msimu ulikuwa mbaya au mbegu ndiyo mbaya. Zote tulizisia siku moja mwezi Oktoba, udongo uleule, samadi ileile iliyooza. Mbegu ya petunia ni kama vumbi na inahitaji mwanga ili iote, kwa hiyo usiifukie. Ibonyeze tu juu ya udongo laini na umwagilie kwa kunyunyiza. Ukimwaga maji kwa kopo unaisomba yote.

Desemba tukahamishia kwenye matuta. Kila aina ilipata vipande vitatu, kila kipande miche kumi, na vipande vikatawanywa. Tuliandika majina kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kofia yangu, mtoto wake akawa anachomoa kimoja kimoja: kinachotoka ndicho kinachopandwa kipande kinachofuata. Hivyo kama kuna kona yenye mikaratusi au maji yanayotuama, haimwonei mmoja. Kandokando tukazungushia miche ya ziada ambayo hatuihesabu, kwa sababu ya pembeni daima hupata jua na nafasi kuliko wenzake. Kwenye vijiti hatukuandika majina bali herufi, ili mtu anayekuja kutoa maoni asiamue kwa jina au kwa bei ya pakiti.

Daftari lilikuwa na mambo manne tu, kila Jumamosi: miche mingapi hai, mingapi ina maua yaliyofunguka, majani yana ugonjwa au hayana, na hali ya maua siku moja baada ya mvua kubwa. Hilo la mwisho ndilo halipo kwenye pakiti yoyote.

Petunia kubwa zilirudia yaleyale, Njombe na Makambako. Petunia ndogo nazo zilipigwa, lakini kwa siku chache tu zilikuwa zimefungua maua mengine. Hazikuwa na ua moja la kustaajabisha, ila tuta lilikuwa limejaa rangi muda wote. Merigodi ndefu zilipendeza Njombe. Makambako upepo ulizilaza, nyingi zikahitaji mambo za kushikilia. Zinia zilianza kwa fahari, kisha kwangu Njombe, umande na ukungu vilipozidi, ubwiri unga ukazifunika majani. Kwa mama ugonjwa ulikuja kwa kuchelewa. Vinka kwangu zilikaa njano na kudumaa, baridi haziiwezi. Kwake ziliishi kiasi. Kati ya nyumba zetu ni kilomita 60 hivi tu.

Mwezi Machi tukasia awamu nyingine kwa ajili ya kipupwe na kuongeza pansi, ua ambalo watu wa joto hawalijui. Julai asubuhi moja niliamka nikakuta barafu nyeupe kwenye nyasi. Merigodi zilikuwa nyeusi kabla ya saa nne, zinia hivyohivyo. Pansi ziliinamisha vichwa, jua lilipopanda zikainuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimpigia mama simu kwa furaha. Akacheka, akauliza, "Kwani nani ananunua maua Julai?" Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo tulipotofautiana, na mpaka leo hatujakubaliana sana. Kwa daftari langu petunia ndogo na merigodi fupi ndizo zilizoshinda. Mama alileta wateja wake waangalie matuta na kuchagua herufi. Wengi walinyoosha kidole kwenye petunia kubwa. Hawakuwa wajinga, siku ile haikuwa imenyesha. Akaniambia, "Wewe unapima ua linalodumu. Mimi lazima niuze kwanza." Nikamwambia hilo ndilo lililokula ada ya mtoto. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wateja wake ni wa aina mbili: anayeshuka kwenye basi la Songea akanunua kiriba asirudi tena, na anayekaa mtaani ambaye mke wake anasali naye kanisa moja.

Mimi nilidhani atamuuzia msafiri petunia kubwa na mtu wa mtaani ile ndogo. Hakufanya hivyo. Sasa anaotesha petunia kubwa chache, anaziweka mbele kuvutia macho, na kila anayeiulizia anamwambia wazi: hii weka barazani chini ya bati, mvua isiipige. Asiye na baraza anapewa ile ndogo. Wapo wanaoondoka bila kununua. Anasema hao anawahesabu pia, na kweli, ameanza daftari lake mwenyewe la wanaoondoka.

Neno la mwisho kuhusu mbegu. Pakiti ikiandikwa F1, usikusanye mbegu zake ukitegemea kupata ua lilelile. Msimu unaofuata zinatoka mchanganyiko, fupi na ndefu, rangi hii na ile. Merigodi za kawaida unaweza kukusanya, chagua miche iliyo bora na iliyo mbali na aina nyingine.

Mwaka huu tunajaribu salvia nyekundu, na pansi tena, zisiwe za Julai bali za harusi za Septemba. Vikaratasi vimeshachomolewa kwenye kofia. Anayetaka kuja kuona matuta aje Jumamosi, ikiwezekana siku iliyofuata mvua.