Mizani ya Ubeti, Mizani ya Mfuko

Kwa miaka miwili sasa natunga mchezo wa kompyuta ambao nguvu yake ni shairi. Mchezaji hupewa ubeti uliopungukiwa maneno. Akiujaza kwa mizani 16 na vina vyake, jahazi husogea. Akikosa, upepo huanguka. Mchezo huu haujaniingizia hata senti. Kinachoniweka mjini ni tafsiri: mikataba, vijitabu vya dawa, matangazo ya sabuni. Ndiyo maana hesabu zangu zote huzifanya kwa kurasa. Kodi ya chumba ni kurasa kadhaa, umeme ni kurasa mbili, na usiku wa kutunga mchezo ni kurasa ambazo sikuzitafsiri.

Watu hupenda kunitajia Eric Barone, Mmarekani aliyeunda Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, mchezo ukatoka 2016 na kuuzwa kwa mamilioni. Ni kweli. Hawaongezi kwamba miaka hiyo alikuwa akifanya kibarua cha kuwaonyesha watu viti ukumbini, na mwenzi wake naye akifanya kazi ili nyumba isimame. Kila jahazi la namna hii lina mtu anayefua maji ngamani, na huyo haimbwi.

Kwangu mimi gharama kubwa imetoka katika herufi m. Kuifundisha mashine kuhesabu mizani za Kiswahili ni kazi nyepesi, kwani silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Karibu zote! Katika mtu na nchi, m na n husimama peke yake. Katika mbuzi na ndizi hujiegemeza. Hapo pana kanuni. Lakini chukua neno mbuni. Ndege yule ana mizani mbili, mbu-ni. Mti wa kahawa una tatu, m-bu-ni, nami ninayebuni michezo nina tatu vilevile. Maandishi ni yaleyale. Sikio pekee ndilo lijualo.

Rafiki yangu mwenye akili ya biashara ashauri niyafute maneno ya aina hiyo, mchezo utoke mwaka huu. Asema hakuna atakayegundua. Wasomaji wa ukurasa huu watagundua, nami nawatungia wao kwanza.

Basi nimemwendea mzee mmoja, malenga, tupitie maneno yote kwa sauti. Alikataa malipo. Nikamwambia, "La, mzee wangu, siku yako ni siku ya kazi." Namlipa siku moja kila wiki mbili, kadiri kurasa zinavyoruhusu. Kando nimeweka dola 100, ada ya kuingiza mchezo katika duka la Steam, ambalo baadaye huchukua asilimia 30 ya mauzo. Fedha hizo haziguswi, hata shule zikifunguliwa.

Juzi tumemaliza herufi l. Herufi m, ambayo katika kamusi zetu ni nene kuliko zote, inaanza Jumamosi, na mteja wa vijitabu vya dawa bado hajalipa.