Kutoka Milimita 85 hadi 94: Injini za Dizeli za Peugeot

Injini za dizeli za Peugeot zilianzia Lille, kaskazini mwa Ufaransa, mbali na Sochaux ambako magari yenyewe yalikuwa yakiundwa. Mwaka 1928 ilianzishwa mjini humo Compagnie Lilloise des Moteurs, kampuni iliyotengeneza injini nzito kwa leseni ya Junkers ya Ujerumani, za aina ambayo ndani ya kila silinda pistoni mbili hufanya kazi zikielekeana. Muda mfupi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mafundi wa Lille waliandaa dizeli ya kuwekwa ndani ya gari la abiria, Peugeot 402. Wajerumani walikuwa wamekwishatangulia kwa Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936. Vita vikaukatisha mpango wa 402, na ikapita takriban miaka ishirini kabla ya Peugeot kuuza kwa wingi gari dogo la dizeli. Kwenye gereji za leo si ajabu kumsikia kijana akisema kwamba dizeli ya gari dogo ililetwa na Wajapani. Kauli hiyo inafuta kazi ya vizazi kadhaa vya mafundi, na inasikitisha zaidi ikitamkwa mahali ambapo Peugeot ilikuwa gari la kila barabara.

Gari lenyewe lilikuja mwaka 1959. Lilikuwa Peugeot 403, lililokuwa limekwisha kuwa maarufu kwa injini ya petroli, sasa likipewa injini iliyoitwa TMD 85. Namba hiyo ina maana yake: 85 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Mwendo wa pistoni ulikuwa milimita 80, silinda nne, jumla cc 1,816. Nguvu yake haikufika farasi 50. Mwenye haraka hakulinunua. Walionunua ni madereva wa teksi, wenye mashamba, wauzaji waliokuwa wakizunguka miji na mizigo yao, watu waliohesabu kila lita. Ufaransa ilitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli, na gari lililokula kidogo cha bei ya chini lilirudisha pesa yake mapema. Karibu na wakati huo kiwanda cha Lille kilianza kujulikana kwa jina la Indenor, na ndilo jina ambalo mafundi wa nchi nyingi walilikuta limeandikwa kwenye vyuma vyake.

Ili kuelewa kwa nini injini hiyo ilidumu, inafaa kuingia ndani yake. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Inavuta hewa tupu, inaikandamiza zaidi ya mara 20 mpaka hewa inakuwa ya moto mkali, kisha nozeli inapuliza mafuta humo nayo yanawaka yenyewe. Katika injini za Indenor mafuta hayakupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Yalipulizwa kwanza ndani ya chemba ndogo ya mviringo iliyo kwenye silinda hedi, ya muundo wa Comet uliobuniwa na Mwingereza Harry Ricardo. Hewa iliingia humo ikizunguka kwa kasi, ikachanganyika vizuri na mafuta, na moto ukaanza taratibu kabla ya kutoka kwenda kuisukuma pistoni. Kwa njia hiyo injini iligonga kwa sauti ya chini kidogo na ilivumilia mafuta yasiyo safi sana. Hasara yake ni kwamba chemba hiyo ilipoteza joto, kwa hiyo asubuhi ya baridi injini haikuwaka mpaka hita plagi ziwe nyekundu.

Kusubiri hita plagi kulikuwa na adabu yake. Dereva aligeuza ufunguo nusu, akatulia, akahesabu kimoyomoyo. Aliyekuwa na haraka akapiga stata kabla ya wakati aliishia kumaliza betri, kisha akawaomba wapita njia wasukume. Injini ilipokubali ilitikisa gari zima, ikatoa wingu jeupe lenye harufu ya mafuta ambayo hayajaungua, harufu inayowasha pua na kukaa kwenye nguo hadi jioni. Baada ya dakika chache wingu likaisha na mlio ukashika mdundo mmoja. Zile dizeli za zamani zilizozimwa kwa kuvuta kitasa hazikuhitaji hata umeme zikishawaka. Pampu ilizungushwa na injini yenyewe, na gari liliweza kumaliza safari likiwa na betri iliyokufa.

Mwaka 1960 Peugeot ilitoa 404, na baada ya muda mfupi nayo ikapata dizeli. Silinda ikapanuliwa kutoka milimita 85 hadi 88, injini ikaitwa XD88, cc 1,948. Kampuni ilijua kwamba watu wanaidharau dizeli kwa uzito wake wa kukimbia, ikaamua kujibu hadharani. Mwaka 1965, kwenye uwanja wa mbio wa Montlhéry karibu na Paris, 404 ya dizeli iliyofanywa kuwa ya kiti kimoja na kufunikwa juu ili ipasue upepo ilizungushwa usiku na mchana. Saa 72 mfululizo ilishika wastani wa kilomita 160 kwa saa, na rekodi 40 zikaandikwa. Siku tatu bila kuharibika: hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kasi yenyewe.

Afrika Mashariki jina la Peugeot lilipandishwa na injini za petroli. Ni 404 za petroli zilizoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mbili kati ya hizo zikiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Sifa ya bodi, springi na usukani uliovumilia mashimo ilipatikana huko, na dizeli ikairithi. Mtu aliyeona gari hilo likitoka kwenye matope ya Aprili hakuwa na shaka kwamba ndugu yake anayekula kidogo angevumilia vilevile.

Ndipo ikaja 504. Ilionyeshwa mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka la Ulaya kwa 1969, na dizeli yake ikafuata mwaka 1970. Silinda ikaongezwa tena, sasa milimita 90, na pistoni ikapewa mwendo wa milimita 83: cc 2,112. Baadaye katika miaka hiyo ya sabini kipenyo kikafika 94, cc 2,304, injini iliyoitwa XD2. Fundi aliyejifunza kwa 403 aliifungua XD2 bila kupotea. Kemishafti ilibaki chini ndani ya bloku, fimbo zikasukuma roka, chemba ikabaki ya Ricardo. Kampuni iliongeza nyama juu ya mifupa ileile, milimita chache kila mara, kwa muda wa miaka ishirini, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mwingine wowote katika historia yake.

504 ya aina ya steshenwagoni ndiyo iliyobeba watu. Ilikuwa na safu tatu za viti na ekseli ngumu ya nyuma iliyokaa juu ya springi, imara kwa mzigo. Kenya iliifanya gari la abiria la safari ndefu: kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Kisumu au Mombasa watu hawakusema wanapanda matatu, walisema wanapanda Peugeot. Aliyechelewa kufika stendi alipewa safu ya nyuma kabisa, magoti yakikaribia kidevu, mizigo ikiwa juu ya keria. Katika zile za dizeli safu hiyo ndiyo iliyopokea harufu yote. Kwenye mlima dereva alirudisha gia, akakanyaga, moshi mweusi ukafumuka, na dirisha la nyuma likiwa wazi hewa iliuvuta ukarudi ndani. Kina mama walifunika watoto wachanga kwa khanga. Walipofika juu mlio ukapungua, mazungumzo yakaendelea pale yalipokatikia.

Fundi wa dizeli wa zama hizo anastahili kuelezwa, maana bila yeye injini ingekuwa chuma tu. Alianza kwa kusikiliza. Injini ikitetemeka kama inayokosa silinda moja, aliiacha iungurume, akachukua spana na kulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Alipolegeza bomba la silinda nzima, mlio ulibadilika papo hapo. Alipolegeza na mlio ukabaki vilevile, basi silinda mbovu ndiyo hiyo. Alitoa nozeli, akaitazama inavyopuliza, kama ni ukungu mwembamba au matone, akaisafisha au akaiwekea washa nyembamba kurekebisha presha, ambayo ilikuwa baa mia moja na ushei. Gari lililoishiwa mafuta njiani alilitoa hewa kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Yote hayo yaliwezekana kando ya barabara, chini ya mwembe, kwa sanduku moja la spana. Leo gari hukaa gereji wiki nzima likisubiri mtu mwenye kompyuta, na kompyuta ikisema kosa ni sensa, mwenye gari hulipa asichokielewa. Wanaoita hali hiyo maendeleo hawajawahi kukwama porini na fundi aliyejua kazi yake.

Uimara huo uliwavutia wengine. Mahindra ya India iliweka ndani ya jipu zake injini ya Indenor yenye silinda nne za milimita 90, iliyoandikwa XDP 4.90. Ford ya Ulaya ilinunua dizeli za Peugeot kwa ajili ya Granada na Sierra. Hata Volga, gari la Kisovieti, liliuzwa Ubelgiji likiwa na dizeli ya Indenor.

Kando ya ukoo huo mkubwa palikuwa na mdogo. Mwaka 1967 Peugeot ilionyesha 204 ya dizeli, injini ya cc 1,255 tu, iliyolazwa kwa upana mbele na kuendesha magurudumu ya mbele. Hakukuwa na gari lingine la abiria lenye dizeli ndogo kiasi hicho wakati huo. Nguvu zake zilikuwa chache, lakini zilionyesha njia.

Mwaka 1979 XD2 ilifungiwa turbo na kuwekwa ndani ya 604, gari la kwanza la dizeli ya turbo kuuzwa Ulaya. Mwaka huohuo ikaja 505, na kwa ajili yake mwendo wa pistoni ukaongezwa hadi milimita 90: cc 2,498, XD3. Hapo ukoo wa Lille ulikuwa umefika mwisho wa kukua.

Mwaka 1982 ikatoka injini mpya kabisa, XUD, iliyotengenezwa kiwanda cha Trémery, mashariki mwa Ufaransa. Silinda hedi ilikuwa ya alumini, kemishafti ikahamia juu, ikazungushwa kwa mkanda wa mpira. Ilikuwa nyepesi na ilipanda mizunguko upesi. Ndani ya Peugeot 205, mwaka 1983, ya cc 1,769 ilifanya dizeli ipendwe na watu ambao hawakuwa na mizigo wala teksi. Ilikuwa injini nzuri mno, pengine bora ya aina yake kwa muongo mzima, na Citroën, Rover na Suzuki waliitumia. Lakini haikusamehe uzembe. Mkanda ukikatika, valvu ziligongana na pistoni. Rejeta ikikauka, hedi ya alumini ilipinda. Katika nchi za joto, ambako maji ya bomba hutiwa badala ya kulenti, ilihitaji uangalifu ambao XD haikuudai.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1998 HDi ya lita mbili ilileta reli ya pamoja ya mafuta yenye presha ya baa 1,350, na chemba ya Ricardo ikaachwa. Mwaka 2000 Peugeot 607 ilikuwa gari la kwanza la kawaida kutoka kiwandani na kichujio cha masizi, hatua ya heshima ambayo wengine waliichelewesha kwa miaka. Mwaka 2009 gari la 908, lenye dizeli ya silinda 12, lilishinda mbio za Le Mans. Barabara za Afrika Mashariki hazikuyaona mengi ya hayo. Magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yamejaa, na uundaji wa 504 Kenya ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Peugeot ziliporudi kuundwa Thika mwaka 2017 zilikuwa gari za aina nyingine kabisa.

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani. Haki lazima itendeke: abiria wa safu ya tatu walikuwa wakiuvuta, na mapenzi kwa injini hayaufanyi usiwe sumu. Ufaransa, ambako takriban magari mapya saba kati ya kila kumi yalikuwa ya dizeli kufikia wakati huo, ilianza kupunguza pengo la kodi, na baada ya kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015 ya kudanganya vipimo vya moshi wanunuzi walirudi kwenye petroli. Trémery, iliyowahi kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani cha injini za dizeli, sasa inatengeneza pia mota za magari ya umeme.