Kufanya Kazi Pamoja Bila ya Kuonana



Zamani watu waliposema "tunafanya kazi pamoja" walikuwa na maana kwamba wanakaa chini ya paa moja. Leo sivyo. Tangu janga la Korona lilipofunga maofisi mwaka 2020, watu wengi mno wamezoea kukutana kwenye kioo cha kompyuta: mmoja yuko Mombasa, wa pili Mumbai, wa tatu Hamburg, na kila mmoja ana lugha yake na ada zake. Yatupasa tujiulize: Je, kazi ya watu wa namna hii hustawi zaidi kwa kuonana uso kwa uso, au kioo chatosha?

Wasemao kwamba chatosha wana hoja. Nauli huokolewa, na muda pia. Tena liko jambo ambalo wengi hawalioni. Katika chumba cha mkutano, aimudue lugha ndiye atawalaye mazungumzo. Yule aliyejifunza lugha hiyo ukubwani hubaki akitafuta maneno hata shauri likakatwa. Akiandikiwa, hupata nafasi ya kusoma, kufikiri na kujibu kwa utulivu. Hiyo ni haki yake, wala haifai kuidharau.

Hata hivyo, hebu tutazame mfano mmoja. A380 ya kampuni ya Airbus, ndege ya abiria iliyo kubwa kuliko zote, iliundwa na Wafaransa, Wajerumani, Waingereza na Wahispania, kila taifa katika viwanda vyake. Wahandisi wa Hamburg walichora kwa toleo la zamani la programu ya kompyuta, na wenzao wa Toulouse kwa toleo jipya. Vipande vya ndege vilipofikishwa Toulouse kuunganishwa, nyaya za umeme zilikuwa fupi. Ikabidi mamia ya mafundi wa Kijerumani wahamie huko kuzitengeneza kwa mikono, bega kwa bega na Wafaransa. Mwaka 2006 mkuu wa Airbus alijiuzulu, na ndege ya kwanza haikukabidhiwa Singapore Airlines ila Oktoba 2007, baada ya kucheleweshwa mara kadhaa. Watu hawa walikuwa na elimu na mashine. Lakini kila upande ulishikilia chombo ulichokizoea, na umbali ukaificha tofauti hiyo hata ikawa ghali.

Nami niliona mfano wa hayo, kwa kadiri ndogo, katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo mjini Mombasa nilikofanya kazi. Mkuu wetu alikuwa Ulaya, akituongoza kwa kioo. Alikuwapo binti mmoja wa hesabu aliyelelewa kwa adabu za kwetu: hamkatizi mkubwa maneno, wala hasemi "hapana" mbele ya watu. Akiagizwa jambo lisilowezekana hujibu "sawa", yaani nimekusikia. Mkuu alifahamu kuwa amekubali. Kazi isipotimia, alimhesabu kuwa mvivu tena mwongo, na barua ya kumwachisha kazi ikaanza kuandaliwa.

Kisha bwana yule akaja Mombasa kwa siku nne. Siku ya pili aliona kwamba kila mwenye tatizo la hesabu humwendea binti huyo, hata mawakala wa forodha kutoka nje. Aliona pia jinsi anavyoinamisha macho kabla ya kusema "sawa". Akamwuliza pembeni, wakiwa wawili, akaambiwa ukweli wote. Barua ile haikutoka. Tangu hapo alikuwa akimpigia simu kabla ya kila mkutano, naye binti akimweleza bila ya hofu lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Wahenga walisema: Asiyekujua hakuthamini.

Basi, ndugu msomaji, kazi ambayo vipimo vyake vinajulikana, na ipite kwenye kioo. Ila yaandikwe yote wazi, hata saa, kwani "saa tatu" yetu ya asubuhi mgeni huweza kuisoma kuwa ya alasiri. Na kama safari ni moja tu kwa mwaka, ifanywe mwanzo wa kazi, watu wale pamoja na kujuana kabla ya hitilafu kutokea. Lakini ukiingiwa na shaka juu ya mwenzio wa mbali, usimhukumu kwa maandishi. Mwendee, au umpigie simu umsikie. Nauli ni ghali, lakini kumdhulumu mtu ni ghali zaidi.