Riwaya Sita kwa Mwaka

Mwaka huu nimejiwekea lengo la kusoma riwaya sita zilizotafsiriwa, tatu kati yake kwa Kiswahili. Sharti hili la pili ndilo gumu. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Wasomaji wa Kiswahili, lugha ya wahusika wake, waliisubiri Peponi hadi 2022, mwaka mmoja baada ya Tuzo ya Nobeli. Je, hata jirani yetu lazima atambulishwe kwetu na Stockholm?

Wanafunzi wangu humsoma Mariama Bâ kwa Kiingereza, ilhali aliandika kwa Kifaransa (na wengi hawajui hilo). Basi tumeanza na Barua Ndefu Kama Hii: nakala moja, iliyochakaa, wasomaji wanane.