Dar nimeiacha, niko Malimbe

Haya wadau, swali ni lile lile toka nifike hapa: "Si ulipata Dar wewe? SAUT umefuata nini?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye foleni ya wali maharage, ngoja niandike mara moja.

Ni kweli nilipata Dar, tena sheria. Namba ya siri ikaja kwenye simu, nikathibitisha, mama akaanza kunishonea nguo. Wiki mbili kabla ya kuripoti, baba akaangukiwa na jiwe duarani kule Mwakitolyo, mguu ukavunjika mahali pawili. Kwetu Shinyanga duara ndilo shamba la pili: pamba ikikataa, mawe yanasomesha. Nikaandika barua ya kuahirisha mwaka, wakakubali bila shida.

Mwaka ule sikukaa bure. Baba mdogo ana karasha Katoro, mkoa wa Geita, akaniweka kwenye daftari: nani kaleta viroba vingapi, nani kasaga, nani anadaiwa. Vumbi usiseme. (Rangi yangu mpaka leo haijarudi.) Hapo ndipo alipokuja mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa na hisa kwenye duara, walikubaliana kwa mdomo na wenzake. Duara lilipotema, wenzake wakasema hawamjui. Ushahidi wake wote ulikuwa kipande cha boksi la sigara chenye hesabu za kalamu ya risasi. Wakamwambia, huna mkataba, nenda nyumbani. Akaenda.

Baadaye nikaja kujua kwamba walimdanganya, au na wao hawakujua. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kila makubaliano yaandikwe. Ya mdomo nayo ni mkataba, kazi ni kuyathibitisha. Leseni ndogo ya uchimbaji ina jina la mwenye leseni. Walioko chini yake, mpaka anayeshika sururu, wanaishi kwa makubaliano kama yale ya yule mama. Masoko ya madini yaliyoanza 2019 yamesaidia kwenye bei na mizani, ila ugomvi wa mgao umebaki machimboni.

Udahili ulipofunguliwa tena, nafasi ya Dar ilikuwa bado yangu. Nikaifuta, nikaomba hapa. Baba hakufurahi. "Mwanangu, watu wanauza ng'ombe waende Dar, wewe unarudi Mwanza?" Hesabu yangu ilikuwa nyingine. Toka hapa hadi Shinyanga ni kama kilomita 160, naenda Ijumaa narudi Jumapili, na baba bado anatembelea gongo. Geita nako, tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, hakuna kusubiri kivuko. Halafu, uwe umetoka Mlimani au Malimbe, huwi wakili bila kupita Shule ya Sheria iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, na yenyewe iko huko huko Dar. Kwa hiyo Dar nitaiona tu.

Kilichoniuma ni mkopo. Niliomba upya, nikapata pungufu kuliko mara ya kwanza. Baba mdogo anaziba pengo, anasema nitamlipa kwa kumwandikia mikataba. Ameshaanza kunitumia picha za makubaliano yake. Jana imeingia moja ina madole gumba matano na haina tarehe. Nitairudisha baada ya mtihani wa Jumatatu.