Kugeuza na Kugeuka

Anayegeuza shingo ameitaka. Shingo iliyogeuka haikumwuliza mwenyewe. Tofauti hiyo ya vitenzi viwili nusura imnyime binamu yangu matibabu. Siku ya tatu baada ya kuanza dawa za maradhi ya akili, shingo yake ilikwenda upande ikakataa kurudi, na macho yakapanda juu. Majirani zetu hapa Kampala wakasema, "Anageuza shingo, wazimu umezidi." Shangazi akataka kuzitupa dawa zote chooni.

Dawa yenyewe ilikuwa haloperidoli, iliyovumbuliwa Ubelgiji mwaka 1958, ambayo hospitali zetu zingali zikiitumia sana kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hunyamazisha sauti zisizokuwapo kwa kuzuia kazi ya dopamini katika ubongo. Lakini dopamini hiyohiyo husaidia kuongoza mwendo wa viungo. Ikizuiwa mno, misuli hukakamaa, mikono hutetemeka, au mtu hushindwa kabisa kutulia kitini. Mkakamao wa ghafla huwapata zaidi vijana wa kiume, nao hutibika upesi: binamu yangu alichomwa sindano, na kabla ya saa moja kupita alikuwa akinywa chai.

Kliniki iliyompa dawa haikuwa imemwonya hata kwa neno moja. Hilo ndilo linaloniudhi, maana Hati ya Wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2009 inatambua haki ya mgonjwa kuelezwa matibabu yake kabla ya kuyakubali. Kuelezwa si fadhila ya daktari.

Yapo pia madhara yanayochelewa miezi, hata miaka: mdomo hutafuna pasipo chakula, ulimi huchomoza wenyewe. Haya huweza kudumu hata dawa ikiachwa, na kuiacha ghafla huweza kuurudisha ugonjwa kwa ukali. Anayeamua kupunguza kipimo au kubadili dawa ni daktari pamoja na mgonjwa, si majirani. Ndiyo sababu mgonjwa huchunguzwa mara kwa mara: atoe ulimi, anyooshe vidole, atembee hatua chache. Uchunguzi huo huchukua dakika 10 hivi, wala hauhitaji mashine yoyote.